Uwanja na Bustani ya Nyumbani Kabla ya Vuli

Katika masomo yetu ya Kiingereza twakutana mara kwa mara na habari za majira yale ambayo huko Ulaya majani ya miti hugeuka rangi ya manjano na nyekundu, kisha yakapukutika. Majira hayo huanza mwezi wa Septemba. Baadhi ya vitabu huyaita kwa Kiswahili "vuli", na mwanafunzi asomaye haraka hudhani kwamba ndiyo vuli yetu. Sivyo. Vuli yetu ni mvua, tena mvua ya kupandia; vuli yao ni mwanzo wa baridi na wa ardhi kulala. Hata hivyo jambo moja twashirikiana nao. Mwezi ule ule wa Septemba miti yetu mingi nayo hupukutisha majani, ijapokuwa kwa sababu ya ukavu na si kwa sababu ya baridi, na kila mwenye nyumba hujikuta ameshika ufagio akijiuliza ayapeleke wapi.

Mimi niliyapeleka motoni. Nataka kueleza yaliyotokea baada ya hapo, na namna inavyofaa kuutengeneza uwanja wa nyumba na bustani yake katika majuma yale machache kabla mvua haijafika.

Nyumbani kwetu ni Kilimanjaro, upande wa kusini wa mlima, katika kihamba cha bibi yangu mzaa baba. Kwa wenzangu watokao mikoa mingine, kihamba ni shamba lililoizunguka nyumba. Juu kabisa imo miti mirefu kama mringaringa na mgrivelia. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Na chini ya kahawa magimbi na mboga. Nyumba, jiko na zizi la ng'ombe vimo humo humo katikati, hata mgeni hawezi kusema uwanja umeishia wapi na shamba limeanzia wapi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilivitambua vihamba vya Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa mifumo ya kilimo iliyo urithi wa dunia. Kihamba chetu hakimo katika hivyo, na kwa haya nitakayosimulia hakikustahili kuwamo mwaka jana.

Nilikuwa kidato cha tatu, nikaenda nyumbani kwa likizo fupi ya Septemba. Hapa shuleni twafagia kila asubuhi, na eneo lisilo na jani hata moja ndilo lisifiwalo na kiranja. Nilifika kwa Bibi na ari hiyo. Yeye alikuwa amekwenda kwa shangazi kumwuguza, nami nikaona ni nafasi nzuri ya kumfurahisha. Kwa siku tatu nilifagia kutoka mlangoni hata mpaka wa chini wa kihamba: majani ya mgrivelia, majani makavu ya migomba, vipande vya migomba ya zamani, vyote. Nikavikusanya chungu saba nikavitia moto. Ardhi ikabaki tupu, nyekundu, imechorwa mistari ya ufagio kama uwanja wa ofisi.

Bibi aliporudi alisimama kwa muda mrefu mbele ya jiko akitazama. Kisha akasema, "Pole kwa kazi, baba," akaingia ndani. Nilidhani ameshangazwa na usafi.

Mwezi wa Desemba, shule ilipofungwa, nilimkuta Bibi kwenye mtaro wa mpaka wa chini, na umri wake umepita miaka sabini, akichota udongo kwa jembe, akiutia katika karai, akiujitwika na kupanda nao polepole mpaka kwenye kahawa. Mizizi ya kahawa ilikuwa nje, imetokeza kama nyuzi za mkeka uliochakaa. Migomba minne ilikuwa imelala, mmoja na mkungu wake ambao haujakomaa. Nilipomwuliza afanya nini alijibu, "Ninaurudisha. Hauwezi kupanda kilima peke yake." Hakunilaumu siku ile wala baadaye, na afadhali angalinilaumu. Nilichukua karai mkononi mwake, na likizo yangu nzima ikaishia katika kupanda na kushuka njia ile.

Sasa tuangalie sababu. Tarehe 22 au 23 Septemba jua huwa juu ya ikweta likielekea kusini, na sisi tulio kama digrii tatu kusini ya ikweta twalipata utosini siku chache baadaye. Ardhi hupata joto jingi, hewa hupanda, na hewa yenye unyevu huvutwa kuja mahali pake. Ukanda wa mvua hulifuata jua kwa kuchelewa majuma kadhaa, na ndiyo maana vuli yetu huja Oktoba au Novemba hata Desemba. Basi mvua hiyo huikuta ardhi ikiwa katika hali yake mbaya kuliko zote: imekaushwa tangu Juni, imekuwa vumbi, na majani mabichi ya kuifunika ni machache. Kinachoifunika ni yale makavu yaliyoanguka, nayo ndiyo niliyoyachoma.

Huenda mtu akasema, "Lakini ninyi mna miti mingi, nayo huzuia mvua." Hata mimi niliamini hivyo, mpaka mwalimu wetu wa Jiografia aliponionyesha kosa. Tone kubwa la mvua hufika chini kwa mwendo upatao mita 9 kwa sekunde. Linapoangukia jani la mti mrefu husimama kidogo, lakini matone madogo hukusanyika kwenye ncha ya jani yakawa tone moja kubwa zaidi, nalo likianguka kutoka juu sana hupata tena mwendo wake wote. Kwa hiyo chini ya mti mrefu wenye ardhi iliyofagiwa, matone yaweza kuupiga udongo kwa nguvu kuliko mahali pasipo mti! Mwenye shaka na atazame mashina ya migomba yake baada ya mvua ya kwanza. Kama yamechafuka matope mpaka usawa wa magoti, basi ardhi yake inapigwa. Mti husaidia kwa mizizi yake, na husaidia kwa kivuli, lakini ngao ya udongo ni majani yaliyolala chini.

Baada ya kupigwa, chembe ndogo za udongo huziba vitundu ambavyo maji yangeingilia, na uso wa ardhi hushikana kama sakafu. Maji hayapati pa kuingia, hushika njia ya kuteremka, nayo huchukua kwanza udongo wa juu ulio mweusi na wenye rutuba. Kahawa huumia upesi kwa sababu mizizi yake mingi ya kujilishia imo katika sentimeta 30 za juu.

Jaribio lake ni rahisi, nasi tulilifanya kidatoni. Twaa makopo mawili mapana ya mafuta, uyakate ubavu yawe kama sinia, uyatoboe upande mmoja, uyajaze udongo sawasawa, kisha uyainamishe kwa mwinamo mmoja. Moja uliache tupu, jingine ulifunike kwa majani makavu. Mimina maji kiasi kimoja kwa kopo lenye matundu madogo, na uyakinge yatokayo. Maji ya sinia tupu yatatoka mapema, nayo yatafanana na chai ya maziwa. Ya sinia lenye majani yatachelewa, yatakuwa machache, na yatakaribia kuwa maangavu. Nawashauri wanafunzi wa kidato cha kwanza walifanye mbele ya wazazi wao, maana wazazi wengi hawasadiki maneno ya mtoto juu ya ufagio.

Je, tuache kufagia? La. Uwanja wa mbele ya nyumba, mahali watoto wachezapo na watu wapitapo usiku, lazima ufagiwe, kwa sababu majani mengi huficha nyoka na nge. Vilevile sehemu ya kuzunguka jiko, kwa ajili ya moto. Bibi yangu hufagia mpaka kwenye jiwe moja lililo hatua kama kumi kutoka mlangoni, na hapo huacha. Nimeliona jiwe lile tangu utotoni bila kujua kazi yake. Lililofagiwa upande wa huku husukumwa upande wa kule, wala halichomwi. Moto huacha majivu kidogo yenye chumvi zifaazo mimea, lakini naitrojeni yake karibu yote hupotea hewani, na chakula cha minyoo na vijidudu vya udongo huwa kimekwisha.

Majani yatandazwe chini ya migomba na kahawa kwa unene wa sentimeta 10 hivi. Hapa pana hadhari ambayo wengi huisahau: yasiligusе shina. Yaachwe mbali na mgomba kwa urefu wa hatua moja, kwa kuwa fukusi wa migomba hupenda mahali penye giza na unyevu karibu na shina, ndipo atagapo mayai, na funza wake hutoboa kitako cha mgomba mpaka ukaanguka kwa upepo mdogo. Vipande vya migomba iliyokwisha kuzaa navyo ni matandazo mazuri, lakini vipasuliwe kwa urefu vikauke upesi. Kipande kizima kilicholala kibichi ni nyumba ya fukusi. Majani hayalingani katika kuoza. Ya mgrivelia, mti ulioletwa kutoka Australia, hukaa muda mrefu. Kwa hiyo ni mazuri kwa kufunika, na si mazuri sana kwa mboji ya haraka. Majani ya jamii ya kunde huoza upesi.

Ng'ombe naye adai haki yake. Katika kiangazi majani ya migomba na vipande vya mashina ndiyo malisho yake, na udongo ukipewa vyote yeye hufa njaa. Kwetu twampa mabichi, na makavu huachiwa ardhi. Alichokula hurudi shambani kikiwa samadi, lakini samadi mbichi ina ukali, nayo huunguza mizizi. Yafaa ikae chungu chini ya kivuli miezi miwili au mitatu mpaka ipoe na harufu yake ibadilike iwe ya udongo.

Kuhusu biwi la mboji lazima niseme kweli, kwa sababu nimeona watu wakikata tamaa. Biwi lililoanzishwa Septemba haliwezi kutumika katika vuli hii. Huhitaji kama miezi mitatu. Litengenezwe hata hivyo, kwa ajili ya masika. Chini weka vijiti vya kupitisha hewa, juu yake majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi na udongo kidogo, unyunyize maji, ukaanze tena mpaka lifikie kimo cha kiuno. Choma fimbo katikati. Ukiichomoa baada ya siku chache ikiwa na joto, kazi inaendelea. Ikiwa kavu na baridi, ongeza maji. Baada ya majuma matatu ligeuze. Bustani ya vuli hutumia biwi la Juni. Asiye nalo na aombe samadi ya zamani kwa jirani, kama sisi tulivyofanya mwaka huu.

Migomba ipunguzwe machipukizi wakati huu. Katika shina moja yaachwe matatu tu: mama aliyebeba au anayekaribia kubeba mkungu, mtoto wake, na mjukuu. Mjukuu achaguliwe katika machipukizi yenye majani membamba kama upanga, wala si yale yenye majani mapana kabla ya wakati, kwa maana hayo yana nguvu ya machoni tu. Anayetaka kupanda mgomba mpya achimbe shimo sasa, ardhi ikiwa kavu na kazi nyingine zikiwa chache: sentimeta 60 hata 90 kwa upana na kina. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine, kwa kuwa ule wa juu uliochanganywa na madebe mawili ya samadi ndio utakaorudi kwanza. Toka shimo mpaka shimo ziwe mita 3. Chipukizi la kupanda likatwe mizizi yote na kumenywa kitako kabla ya kupandwa. Likionekana lina vijia vyeusi vya funza ndani, litupwe, hata kama limetolewa zawadi na mjomba.

Kitalu cha mboga hakingoji mvua. Sukuma wiki na kabichi zikae kitaluni majuma manne hata sita. Kwa hiyo mbegu zilizosiwa katikati ya Septemba ndizo zitakazokuwa tayari mvua ya kwanza ikinyesha. Aanzaye kusia siku ya mvua amekwisha kuchelewa mwezi mzima. Tuta la kitalu lisizidi upana wa mita 1, ili mtu afikie katikati bila kulikanyaga, liwe na kivuli chepesi cha majani ya migomba juu ya vijiti, na kivuli hicho kipunguzwe kidogo kidogo ili miche izoee jua. Mchicha na figiri husiwa moja kwa moja. Kwa maji tulitumia yale ya kuoshea mboga na mchele, tena jioni.

Nimeacha kwa makusudi habari ya makinga maji mpaka sasa, maana ndiyo kazi iliyonichukua muda mwingi. Baada ya mkasa wa Desemba, Bibi alinionyesha mahali ambapo zamani palikuwa na mistari ya masale kukingama mteremko. Sale ni mmea tuutumiao kwa mipaka. Haufi upesi, mizizi yake hushika udongo, na kipande kilichokatwa huota kikichomekwa tu ardhini mvua inapoanza. Mistari ile ilikuwa imekatika, na mapengo ndiyo yaliyokuwa njia ya maji. Niliikata miche nikaijaza mapengo, na juu ya kila mstari nikachimba mfereji mdogo usiokwenda upande wo wote, wa kuyafanya maji yasimame yanywewe na ardhi. Wasomaji wa kwetu wanajua kwamba jani la sale lina kazi nyingine: mwenye kosa humpelekea aliyemkosea, naye akilipokea shauri limekwisha. Kabla sijapanda mche wa kwanza nilipeleka jani moja jikoni. Bibi alilichomeka juu ya mlango, akaniambia chai inapoa.

Mambo madogo yaliyobaki nitayataja kwa haraka. Mifereji ya paa izibuliwe majani kabla ya mvua, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite bila kuingizwa tangini, maana yanaosha vumbi na vinyesi vya ndege vya miezi minne. Makopo, vifuu na matairi yaliyotupwa nyuma ya nyumba yaondolewe, kwa sababu mbu hutaga humo mara maji yakisimama. Matawi makavu yaliyo juu ya bati yakatwe kabla upepo haujayakata.

Mwaka huu sikwenda nyumbani Septemba, kwa kuwa sisi wa kidato cha nne tumebaki shuleni tukijiandaa kwa mtihani. Kazi ameifanya mdogo wangu wa kike, aliye darasa la sita. Siku ya wazazi mama alinieleza kwamba majani yametandazwa mpaka mpaka wa chini, na masale yote yameshika isipokuwa mawili yaliyoliwa na mbuzi wa jirani. Mashimo matatu ya migomba yako tayari. La nne limekutana na jiwe kubwa, na Bibi amesema lisihamishwe shimo, liningojee mimi nikimaliza mtihani.